Huqa Kwenye Mkeka wa Watoto

Kuna wakati ambapo ukimtaka Huqa Galma ulienda kisimani. Ungemkuta amesimama ukingoni, fimbo begani, akipanga nani anyweshe kwanza na nani angoje, na matajiri wenye ng'ombe wa kujaza bonde walimnyamazia kama mtoto anavyomnyamazia baba. Waborana humwita mtu wa kazi hiyo aba herega, mwenye zamu za maji. Kazi hiyo hapewi mtu mwenye hasira za karibu. Huqa aliishika kazi hiyo mpaka mvi zikamjaa kidevuni, na hakuna aliyewahi kusema kwamba alimpendelea ndugu yake.

Kisha ukaja ukame ule mrefu, msimu ukapita na msimu mwingine ukapita, na ng'ombe wake wakaanza kulala wasiinuke. Yeye na mkewe Qabale walikuwa wakiwainua asubuhi, mmoja ameshika mkia na mwingine pembe, mpaka ikafika asubuhi ambayo hapakuwa na wa kuinuliwa. Mvua ziliporudi zilimkuta kijijini, nje kidogo ya Kulamawe, katika nyumba ya mabati na turubai. Kisima kilikuwa kimepata mtu mwingine.

Walihamia hapo na mjukuu wao, Gumato. Mama yake, Darmi, alikuwa Saudia akifanya kazi za nyumbani. Baba alikuwa ameenda zake mtoto hajaota hata meno. Gumato alikuwa amekulia fora, kule mbali mifugo inakofuata majani, na huko hakukuwa na mtoto mwingine wa kucheza naye ila ndama na vitoto vya mbuzi. Alimjua kila ndama na mama yake. Alijua kutembea kimya mbele ya ng'ombe mwenye wasiwasi. Asichojua ni kwamba mwenzako akishika kitu humpokonyi tu, na kwamba mtu akikusalimu unamjibu. Huqa alimwita jina lake, naye Gumato alimwita Abba, yaani baba, kwa sababu ndivyo alivyomsikia mama yake akimwita.

Qabale hakukaa sana kijijini. Homa ilimshika, wakampeleka zahanati, akarudi, ikamshika tena. Baada ya mazishi Gumato aliacha kusema na mtu yeyote isipokuwa babu yake. Akaushika upindo wa kikoi cha mzee, na tangu siku ile popote Huqa alipokwenda, alivuta mtoto nyuma yake kama kamba ya ndoo.

Jirani yao alikuwa Ruweida, mama mwenye kiduka cha sukari na majani chai. Siku moja alikuja amemshika mwanawe mkono, mtoto amepigwa jiwe la uso, damu imemkaukia kwenye nyusi. Gumato alikuwa amemtupia kwa sababu aligusa mkebe wake. Ruweida hakuja kwa ugomvi. Aliketi, akakubali chai, akasubiri mpaka kikombe kimekwisha ndipo akasema.

"Mzee, mpeleke nasari. Si kwa sababu ya kusoma. Akajue kukaa na watu."

Akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba huko asubuhi watoto hupewa uji. Huqa alilisikia hilo la pili kuliko la kwanza. Chakula cha nyumbani kilikuwa cha kusubiri pesa za Darmi kwenye simu, na zipo asubuhi ambazo mtoto alikuwa akiangalia sufuria tupu bila kusema lolote. Mtu aliyewahi kugawa maji kwa watu wengi vile, sasa anaambiwa kwa adabu kwamba mjukuu wake ana njaa. Alimshukuru Ruweida. Alipoondoka, Huqa alikaa pale pale, macho chini, mpaka chai yake ikapoa.

Nasari yenyewe ilikuwa chumba kimoja pembeni mwa uwanja wa shule ya msingi, mkeka mkubwa wa plastiki chini, vifuniko vya soda kwenye ndoo, na kona ya mikebe na matambara ambayo watoto waliiita nyumbani. Mwalimu alikuwa Rahab, mama wa makamo kutoka upande wa Nyeri, ambaye alikuwa amekaa nchi hii kiasi cha kuweza kukaripia kwa Kiborana. Huqa alimfikisha mtoto mlangoni, akasema salaam aleikum, akageuka kuondoka. Upindo wa kikoi ukakaza. Akajaribu kuvifungua vidole vya Gumato kimoja kimoja, na kila alichokifungua kilijifunga upya. Mtoto hakulia. Alikuwa akitetemeka tu, mwili mzima, kama mbuzi aliyenyeshewa.

Mwalimu Rahab alimwangalia kidogo, kisha akamwambia mzee aingie akae naye mpaka azoee. Huqa alidhani hakusikia vizuri. Mle ndani hamkuwa na mwanamume. Hata akina baba vijana, waliokuwa wakileta watoto kwa bodaboda, waliwashushia nje. Alitafuta kiti, hakikuwepo. Basi akakaa mkekani, magoti yamefika masikioni, katikati ya watoto waliokuwa wakimwangalia kwa midomo wazi, na kuimba wimbo wa vidole kulipoanza alitazama ukutani.

Alifikiri itakuwa siku moja. Ikawa wiki, ikawa mwezi.

Wanaume wa pale kijijini walikuwa wakikaa asubuhi kwenye kivuli cha ukuta wa duka la Waqo. Waqo alikuwa rika lake, walitahiriwa msimu mmoja, na mifugo yake iliponea kwa sababu aliihamisha mapema kuelekea upande wa Garbatulla, Huqa alipokuwa bado anabishana na mawingu. Njia ya kwenda nasari ilipita mbele ya kivuli kile. Huqa akaanza kupita kwenye lagga, mkondo mkavu wa mchanga, ambapo mtu haonekani ila kichwa. Siku moja wakamwona hata hivyo, wakamuuliza anakwenda wapi kila siku. Neno likamtoka kabla hajalipima. Akasema anatafuta punda.

Hakuwa na punda. Lakini uongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Wakamuuliza ni punda wa nani, akasema ameazimwa na shemeji yake. Wakauliza rangi, akasema wa kijivu, ana sikio lililochanika. Baada ya siku chache mtu mmoja akamwambia amemwona punda kama huyo karibu na barabara kuu. Kijana mmoja, Bule, akajitolea kumtafuta kwa pikipiki. Huqa alishukuru, akasema asijisumbue, na usoni alihisi moto. Alikuwa mtu mzima, ameswali alfajiri, na hapa anampaka rangi punda asiyekuwepo kwa sababu anaona haya kusema kwamba anakaa na mjukuu wake.

Mle ndani mambo yalikuwa na aibu yake pia. Gumato hakukaa na watu. Kikombe cha uji kilipopita kwa mwenziwe kabla yake, alikinyakua, uji ukamwagika. Kulikuwa na kijana mdogo wa Kiturkana, Etabo, mpole, mwenye kupenda kupanga vifuniko kwa mstari. Gumato alimng'ata mkono kwa sababu ya kifuniko kimoja chekundu. Mtoto alilia mpaka akakwama pumzi. Huqa alitaka kumchapa mjukuu wake papo hapo, mbele ya wote, ili ionekane kwamba hakumlea hivyo. Mwalimu Rahab aliinua tu mkono. Aliwapa Gumato na Etabo kidumu kimoja cha maji, wakibebe wawili mpaka kwenye maua aliyopanda nje, na kidumu kilikuwa kizito kwa mmoja. Walikwenda wakivutana, maji yakawamwagikia miguuni, wakarudi hawaongei. Lakini walikuwa wamekibeba.

Huqa aliliwaza jambo hilo njiani. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia Qabale samahani, katika maisha yao yote, hata kwa kosa la wazi. Alikuwa akimletea kitu, au akinyamaza. Mtoto angejifunzia wapi?

Kidogo kidogo akaanza kufanya kazi mle ndani, maana kukaa bure kulimuuma. Alitengeneza ng'ombe wa udongo, wenye nundu na pembe za kweli, akawapanga kwenye dirisha wakauke. Watoto waliwagombania. Basi akachimba kijishimo nje, akakiita kisima, akaweka sheria kama zile alizozijua: ng'ombe wa huyu ndio wanaanza, wa yule wangoje pale, na anayeruka zamu ng'ombe wake wanarudi nyuma kabisa. Watoto walishika haraka kuliko alivyotegemea. Hibo, binti wa Kisomali mwenye sauti ya kengele, akawa ndiye wa kupiga kelele mtu akikosea. Gumato alisimama upande wa babu yake, ameshika kikoi, akiangalia. Hakucheza. Ila ikafika siku akamleta ng'ombe wake wa udongo, akamweka mwisho wa mstari, akarudi haraka kushika kikoi.

Siku ile Huqa alirudi nyumbani kwa lagga akiwa karibu kutabasamu, na karibu awaambie watu. Lakini alipotoka kwenye lagga, karibu na duka la Waqo, akaulizwa habari za punda, akajibu kwamba bado.

Sasa, mambo yaliharibika hivi. Ilikuwa siku ambayo kamati ya wazee wa shule walikuwa wakimzungusha mgeni kutoka ofisi ya elimu ya Isiolo, aone tangi jipya la maji. Huqa hakujua. Yeye alikuwa kwenye ile kona ya mikebe. Gumato alikuwa ametaka mchezo wa nyumbani, na kutaka kwake jambo kulikuwa nadra hata mwalimu aliacha kila kitu ili litokee. Alikuwa amemvisha babu yake kitambaa cha maua kichwani, akamfunga chini ya kidevu. Abba ndiye mama. Abba apike. Huqa akapika mchanga kwenye mkebe, akakoroga kwa kijiti, akaonja na kusema chumvi haitoshi.

Hapo ndipo Gumato alipogeuka. Aliachia kikoi. Akamwangalia Etabo aliyekuwa amekaa peke yake na vifuniko vyake, akasema kwa Kiswahili alichokuwa amekisikia miezi yote ile bila kukitumia:

"Wewe. Kuja ukule."

Etabo akainua kichwa. Mwalimu Rahab, aliyekuwa mlangoni, akaweka mkono mdomoni. Huqa aliacha kijiti chake ndani ya mkebe. Etabo akasimama, akaja, na kabla hajaketi chumba kikaingia giza kidogo, kwa sababu watu walikuwa wameujaza mlango. Mbele alikuwa mgeni na faili lake. Nyuma yake Waqo, na wazee wengine, na Bule aliyemleta mgeni kwa pikipiki.

Walikuwa wakimwangalia aba herega wao wa zamani, amechuchumaa mbele ya mikebe, kitambaa cha maua kichwani.

Huqa alikivuta kile kitambaa kikakwama kwenye kidevu, akakivuta tena kikachanika. Alipoinuka mguu wake uliipiga mikebe, mchanga ukatapakaa. Akacheka, kicheko ambacho hakukijua kuwa ni chake. Akasema alikuwa anapita tu akimtafuta punda, mwalimu akamwomba amshikie watoto kidogo. Gumato alikuwa amerudi, mkono wake umeshaukamata upindo wa kikoi.

"Abba," alisema. "Chakula kimemwagika."

Wazee walimtazama mtoto. Huqa aliuona mdomo wa Waqo ukitaka kutabasamu, na hakujua ni tabasamu la namna gani, lakini alilichukua kwa ubaya. Akauondoa mkono wa Gumato, si kwa kuupiga, ila kwa haraka, kama mtu anavyoondoa mwiba.

"Huyu si mtoto wa kukaa na watu," aliwaambia, kwa Kiborana, na mtoto akasikia kila neno, ingawa yeye hakukusudia hivyo. "Alilelewa na ndama. Hana akili ya watu. Nimemleta hapa mwalimu amfunge kamba."

Wazee wawili walicheka. Na kwa muda wa kumeza mate, Huqa alihisi nafuu, maana sasa macho hayakuwa kwake, yalikuwa kwa yule mdogo. Mwalimu Rahab, kwa heshima, alisema kwamba Mzee Huqa huwasaidia sana. Huqa akakana. Akasema leo ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga mle ndani.

Hibo alikuwa akisikiliza, na Hibo hakuweza kuona mtu anaruka zamu au anakosea akanyamaza.

"Babu huja kila siku," alisema kwa sauti ile yake. "Huja kila siku. Yeye ndiye mama."

Watoto wengine wakaitikia kwamba ni kweli. Mmoja akaonyesha ng'ombe dirishani, kwamba ni babu aliyewaumba. Bule alicheka mpaka akashika ukuta. Waqo hakucheka. Alitazama kando, na hilo la kutazama kando lilimchoma Huqa kuliko kicheko cha Bule. Alitamani ardhi ipasuke. Alipita katikati yao, akatoka, akaukata uwanja wa shule jua likiwa utosini, na safari hii hakukumbuka kupita kwenye lagga. Jambo moja tu aliliona kabla hajatoka. Gumato hakulia wala hakumfuata. Alikuwa amekaa chini kwenye mchanga uliomwagika, mikono yake miwili ikiwa mapajani, haina cha kushika.

Adhuhuri ile Ruweida ndiye aliyemleta mtoto nyumbani pamoja na wanawe. Gumato aliingia akapita karibu na babu yake kama anavyopita mtu karibu na kigogo. Alikula alichopewa. Huqa alijaribu kumsemesha kuhusu mbuzi wa jirani aliyezaa mapacha. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kulala.

Kesho yake, Huqa hajakamilisha hata kuvaa, Gumato alikuwa amesimama nje akiwangoja watoto wa Ruweida. Wakatokea, akatembea nyuma yao, mbali kidogo, mikono ikining'inia. Hakugeuka. Jambo ambalo Huqa alikuwa ameliombea tangu siku ya kwanza, kwamba mtoto aende peke yake, lilikuwa limetimia, naye akakaa kwenye kizingiti na kulia kama mtu aliyefiwa. Hakwenda nasari siku hiyo, wala iliyofuata. Hakwenda dukani kwa Waqo. Aliswali nyumbani, ambalo si jambo alilolizoea, na kila alipoinua mikono baada ya swala alikosa la kuomba, maana aliyetaka kumwomba msamaha hakuwa mbinguni, alikuwa kwenye mkeka wa plastiki.

Mwalimu Rahab alimjia baada ya siku chache, shule imekwisha, viatu vyake vimejaa vumbi. Huqa alimwekea kigoda, yeye akabaki amesimama kwa kukosa pa kuutia uso. Mwalimu hakumlaumu. Alimpa habari za watoto, kama anavyompa mzazi yeyote. Gumato anakula vizuri. Siku ile wazee walipoondoka Etabo ndiye aliyezoa mchanga akaurudisha kwenye mkebe, akakaa karibu naye bila kusema kitu, na tangu hapo wako pamoja. Ameanza kuongea, maneno machache. Hajang'ata mtu.

Huqa alisema Alhamdulillahi, na alimaanisha. Kisha akauliza kama mtoto humtaja.

"Wanacheza nyumbani," alisema mwalimu. "Watoto wakiuliza mama ako wapi, Gumato anawaambia ameenda kutafuta punda."

Huqa aliinamisha kichwa. Mwalimu alikuwa na aibu pia kwa kulisema, ilionekana, maana alianza kuokota takataka zisizokuwepo kwenye sketi yake. Akasema kwamba hakuja kumuumiza. Alikuja kwa sababu mtoto wa umri ule hasahau kama watu wanavyodhani, ila pia hafungi mlango haraka kama mtu mzima. "Lakini, Mzee, si mimi wa kumwambia. Ni wewe."

Alipoondoka Huqa alivaa kofia yake, akashika fimbo, akaenda dukani kwa Waqo kwa njia ya katikati. Walikuwepo wote. Alitoa salamu, wakaitikia, wakampisha nafasi ukutani. Hakuketi. Alikuwa amezipanga sentensi njiani na zote zikamtoroka, basi akasema kwa ufupi kwamba hakuna punda. Hajawahi kuwepo. Alikuwa akienda nasari kukaa na mjukuu wake kwa sababu mtoto alikuwa hamwachi, na aliona haya, na siku ile mbele yao alimgeuza mtoto aliyefiwa na bibi yake kuwa kichekesho ili wao wasimcheke yeye.

Mzee mmoja alikohoa. Waqo alikuwa akichora mchanga kwa fimbo.

"Tulijua hakuna punda," alisema bila kuinua macho. "Shemeji yako alipita hapa zamani. Tulimuuliza."

"Na mkaendelea kuniuliza."

"Tulidhani utachoka, utatuambia." Akafuta mchoro wake kwa mguu. "Halafu ikawa mchezo. Hilo si zuri."

Huqa alikuwa ametegemea hasira au kicheko. Hakujua la kufanya na jambo hili, kwamba miezi yote ile alikuwa akijificha mbele ya watu waliokuwa wakimwona, wakimfunika wengine kwa huruma na wengine kwa utani, yeye akidhani ni mjanja. Aibu yake ya zamani ilikuwa imesimama juu ya kitu kisichokuwepo, na aliyeilipia alikuwa mtoto. Bule, pembeni, alimwita Mama Huqa kwa sauti ya chini. Vijana wakacheka, na jina hilo lilimganda. Hata leo wapo wanaomwita hivyo pale stendi ya bodaboda, na yeye hugeuka anapoitwa.

Asubuhi iliyofuata alikwenda nasari. Watoto walikuwa nje kwenye kisima chao cha mchanga, Hibo akielekeza kwa fimbo. Gumato na Etabo walikuwa kando na mikebe. Huqa alipiga magoti mbele yao, polepole kwa sababu ya viungo, mpaka uso wake ukalingana na uso wa mtoto. Si desturi kwa mzee kufanya hivyo. Mwalimu Rahab aliingia ndani akawaachia.

"Gumato," alisema. "Nilisema huna akili ya watu. Nilisema uongo. Ni mimi niliyekosa akili ya watu siku ile. Nisamehe."

Mtoto alimwangalia. Aliangalia kikoi chake, upindo ule uliokuwa umefifia kwa kushikwa, kisha akaangalia mkebe wake. Huqa alingoja. Alikuwa amewangojesha watu wengi maishani, na hakuwahi kujua kungoja kunavyokuwa kwa anayengoja. Gumato alichota mchanga, akampa Etabo. Akachota tena, akampelekea Hibo kule kisimani, akarudi. Kwa babu yake hakuchota.

Kengele ya uji ikalia, wakakimbia wote, naye akabaki amepiga magoti peke yake katikati ya mikebe. Baadaye alisimama, akafagia chumba, kwa kuwa kilihitaji kufagiwa.

Aliendelea kwenda. Hakukaa tena mkekani, kwa sababu hakuna aliyemhitaji hapo. Alikaa mlangoni, akitengeneza ng'ombe wa udongo na kuchonga pembe zilizovunjika, na alipoulizwa na wapitaji anafanya nini, aliwajibu. Gumato alikuwa akimpita kama watoto wengine walivyompita. Baada ya muda akawa anampa viatu vyake amshikie. Usiku alikubali kuchanwa nywele. Mkono wake haukurudi kwenye kikoi, na Huqa hakujua, wala hajajua mpaka sasa, kama mtoto aliuachia kwa sababu alikuwa amekua au kwa sababu ya siku ile. Ruweida humwambia amekua. Mwalimu Rahab humwambia hivyo hivyo. Yeye husema inshallah, na huona kwamba wanamstahi.

Darmi alipiga simu Ijumaa moja baada ya alasiri, mtandao ukiwa mzuri. Alimuuliza baba yake habari ya mtoto, kama anaongea, kama bado anashinda amejibanza kwake. Huqa alimwambia hajibanzi tena. Ana marafiki. Huwaita watoto wenzake waje wale, hata kama ni mchanga. Darmi alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akauliza ni nani aliyemfundisha, kama ni yeye Abba.

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Huqa aliitazama simu.

"Wenzake ndio waliomfundisha," alisema.

Akamwita Gumato akampa simu. Mtoto aliiegemeza sikioni kwa mikono miwili na kuanza kumtajia mama yake watu anaocheza nao. Alimtaja Etabo. Alimtaja Hibo, na watoto wa Ruweida, na mtoto mpya aliyekuja juzi ambaye bado analia. Huqa alikuwa ameketi karibu, akijifanya anachambua maharagwe, masikio yake yote yakiwa pale. Mtoto aliendelea na majina mpaka yakaisha. La kwake halikuwamo. Aliona kwamba ni haki, na haikumpunguzia uchungu, akainuka na sufuria akaenda kuwasha moto.